Jibu la Mama Anastasia

Mama Anastasia alikuwa kipofu, lakini mgeni angeweza kushinda naye kutwa nzima asijue. Macho yake yaliondoka polepole kwa ugonjwa wa vikope, na kadiri yalivyoondoka ndivyo alivyokuwa akijifunza. Tembe yake, nyumba ya paa bapa la udongo, aliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Kutoka mlangoni hadi zizini alifuata ua wa minyaa kwa fimbo. Kutoka zizini hadi kwenye jiwe la kusagia alifuata harufu ya samadi mpaka ikaisha, na ilipoishia ndipo jiwe lilipokuwa. Akienda shambani aliuacha upepo umpige shavu la kulia; akirudi, la kushoto.

"Upepo wa huku haudanganyi," alikuwa akisema. "Wanaogeukageuka ni wanadamu."

Luciana aliolewa katika nyumba hiyo na Melkiori, kitinda mimba wa Mama Anastasia. Siku wazee walipokwenda kumposa, baba yake aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa pombe ya mtama, asiwajibu hata neno moja. Wazee wakanywa, wakashukuru, wakaenda kulala kwa jirani. Asubuhi wakarudi, wakajibiwa. Ndivyo walivyoishi watu wa kilima kile: neno zito halijibiwi siku linapoletwa. Hupelekwa nyumbani, likalala na watu, likaamka na jibu. Anayejibu papo hapo ni mtoto, au mlevi, au mtu anayetaka kukufukuza kwake.

Mtoto wa kwanza wa Luciana alikufa kwa homa. Alifia mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda hospitali ya mjini, hata barabara ya Sepuka hawajaifikia. Luciana aligeuka akarudi naye vilevile mgongoni. Mama Anastasia alikuwa mlangoni. Aliisikia miguu ya mkwewe inavyokanyaga, akajua. Akanyoosha mikono, akaupapasa ule uso mdogo, akasema, "Nipe mimi, mwanangu. Wewe umechoka kubeba."

Tangu siku hiyo Luciana hakuwa na mama mwingine duniani zaidi ya huyu.

Mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, ndipo alipokuja mpimaji. Jina lake Mazengo, kijana wa upande wa Dodoma, amevaa kaunda suti na viatu vilivyojaa vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Wazee aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, na maji aliyopewa aliyanywa yote, ingawa yalikuwa ya kisima cha chumvi. Watu walikusanyika kando ya barabara, na Luciana alikuwa upande wa wanawake na mtoto wake wa pili, Kristina, mgongoni.

"Ndugu wananchi," Mazengo akaanza, "leo sikuja kuwaamrisha. Nimekuja tushauriane. Mnaishi mbalimbali kama mawe ya kilima hiki. Huyu huku, yule kule. Serikali itawaletea vipi zahanati? Itaipeleka kwa nani, imwache nani? Mkikaa pamoja, nyumba zikawa kwenye mistari, hapa zahanati, pale shule, na hapa tuliposimama litasimama basi la kwenda mjini."

Aliposema zahanati, Luciana alipiga makofi kabla ya wengine. Aliposema basi, akapiga tena, mpaka Kristina akashtuka mgongoni.

Urbano, mzee mfupi mwenye maneno mengi, akainua fimbo. "Ndugu mpimaji, nina swali. Nyumba zikikaa karibukaribu hivyo, kuku wangu akienda kutaga kwa jirani, yai ni la nani?"

"La kijiji, mzee!" Mazengo akajibu.

Watu wakacheka, na Mazengo akacheka nao. Urbano akakaa chini akinung'unika, "Basi na huyo kuku mtamlisha nyinyi."

Kisha mpimaji akainua kamba yake ya kupimia, akaonyesha kwa mkono: mistari itaanzia barabarani na kwenda moja kwa moja uwandani, na kila mtu atahama, hata aliye karibu. Akauliza, "Nani anapinga?"

Kimya. Upepo ulikuwa ukipeperusha kanga za wanawake. Wazee walitazama chini, kila mmoja akilishika lile neno vizuri ili asilidondoshe njiani.

"Kwa hiyo tumekubaliana," Mazengo akasema, akapiga makofi. Watu nao wakapiga. Mgeni aliyemaliza kusema hupigiwa makofi, hata kama amesema nini.

Siku ile kila tembe ilikuwa na mazungumzo yake. Kwa akina Melkiori alikuja Isaka, balozi wa nyumba kumi, kukusanya majibu. Mama Anastasia alikuwa ameketi karibu na moto, Kristina mapajani pake.

"Shikamoo, mama," Isaka akasema. "Nimekuja kwa lile neno."

"Marahaba. Mimi sikatai zahanati, Isaka. Zahanati ingekuwa karibu, yule mjukuu wangu angekuwepo. Sikatai na basi. Lakini mwambieni huyo kijana kamba yake ipinde kidogo tu, ipite hapa kwetu. Sisi siyo wa mbali. Nyumba zifuate kilima, wanaokaa mbali waje kwetu, tutabanana."

"Na kamba ikikataa kupinda?"

Bibi alipitisha mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Nikihamishwa hapa nitakuwa kipofu," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Asubuhi wazee walishuka na jibu. Lilikuwa jibu zuri, nyumba zote zimelikubali: kijiji kiwepo, basi lije, ila mistari ifuate kilima. Luciana aliwafuata kwa nyuma, ndoo kichwani, akijifanya anakwenda kisimani, kwa kuwa alitaka kulisikia likisemwa. Walipofika uwandani hapakuwa na mtu. Palikuwa na vigingi vipya, mstari baada ya mstari, vimenyooka kama mahindi, na alama za matairi ya Landrova.

Isaka akazunguka kigingi kimoja kama mtu anayemtazama nyoka aliyekufa.

"Ameuliza jana, akaondoka jana," akasema. "Sasa alikuwa anamuuliza nani?"

Alimfuata mpaka mjini, kwa miguu, akamkuta. Aliporudi alieleza mbele ya Mama Anastasia, na sauti yake ilikuwa chini. "Nimemwambia, tumekuja na jibu hukuwepo. Akaniambia, 'Mzee wangu, niliuliza nani anapinga, mkanyamaza. Mkapiga makofi.' Nikamwambia makofi yalikuwa ya mgeni, neno lilikuwa halijalala. Akanitazama, mama. Naona hata huruma alinionea. Akasema, 'Kamba imeshavutwa.'"

Luciana aliitazama mikono yake. Ndiyo iliyopiga makofi ya kwanza. Lakini hata sasa, angeulizwa kama aitaka zahanati, angesema aitaka. Hilo ndilo lililomuumiza: hapakuwa na ubaya wa kuukataa mzima mzima.

Baada ya mavuno lori lilikuja na mgambo. Vyombo vikapakiwa, boriti za tembe zikang'olewa ili watu wasirudi, na udongo wa paa ukaangukia ndani, pale alipozaliwa Melkiori. Jiwe la kusagia lilibaki. Lilikuwa zito, na dereva alikuwa na haraka. Mama Anastasia alipandishwa mbele, karibu na dereva, kwa heshima. Njia nzima alikuwa akigeuza uso huku na huku, akiutafuta upepo kwenye kioo.

Katika kijiji kipya nyumba zilifanana zote. Mlango ulikuwa upande uleule, ua haukuwepo, samadi haikuwepo, kwani ng'ombe walitengewa mahali pao mbali. Upepo ukifika kati ya nyumba ulikatika vipande, ukampiga bibi mashavu yote mawili kwa mara moja. Siku ya kwanza alitoka kwenda chooni, akarudi nyumbani kwa Urbano, akaketi kitandani na kuanza kuvua kanga.

"Ee, mama!" Urbano akapiga kelele. "Leo umeolewa huku? Hata mahari sijatoa!"

Watu walicheka, na bibi akacheka nao. Safari ya pili alicheka kidogo. Alipoingia nyumba ya watu asiowajua, waliotoka upande wa pili wa mbuga, mwanamke wa pale akamwambia, "Bibi, hujui kupiga hodi?" Mama Anastasia, aliyekuwa amepokea hodi za wakwe na wageni maisha yake yote, akarudi akishikwa mkono, na tangu hapo hakutoka tena. Aliketi mlangoni, fimbo magotini, bila kazi.

Luciana ndiye aliyeikumbuka kengele. Ilikuwa ya fahali wa marehemu baba mkwe, imefungwa kwenye tambara kati ya vyombo. Akaitundika kwenye ukingo wa paa na kufunga kipande cha ngozi ili upepo ukishike. Upepo ulipovuma, kengele ikalia.

Bibi akainua kichwa. "Ng'ombe wa nani huyo?"

"Ni nyumba, mama. Nyumba yako inakuita."

Akaondoka pale pale, akaenda mpaka mwisho wa mstari na kurudi, peke yake, akicheka kama msichana. Kwa miezi yote ya baridi, Mama Anastasia alikwenda kisimani kupiga soga, akaenda kumsalimia Isaka, akaenda hata kwa Urbano kumdai mahari. Kengele ilimrudisha.

Lakini kabla ya mvua za kwanza upepo wa nchi ile hufa. Majani yakasimama, vumbi likalala, kengele ikawa chuma tu. Luciana alikuwa kwenye shamba la kijiji na wenzake. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi, fimbo haipo.

Walimtafuta nyumba kwa nyumba. Ni Luciana aliyesimama ghafla na kumwambia mumewe, "Baba Kristina, tunamtafuta mahali ambapo angepotea. Twende mahali asipoweza kupotea."

Walimkuta kilimani, ndani ya tembe isiyo na paa, ameegemea jiwe la kusagia. Midomo ilikuwa imekauka, miguu ina damu, uso umetulia. Luciana alimnywesha maji kwa kibuyu.

"Nimefika mwenyewe," bibi akasema. "Hakuna aliyenishika mkono."

Melkiori akapiga magoti. "Mama, turudi. Nakuomba. Hapa hapana paa, mvua inakuja. Watu watasema tumekutupa."

Mama Anastasia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampapasa mwanawe uso, paji, pua, kidevu.

"Neno lako ni zito, mwanangu, nimelipokea. Niachieni nililalie. Nitawajibu kesho."

Melkiori angeweza kumbeba, maana mama alikuwa mwepesi kama mzigo wa mabua. Alimtazama mkewe. Luciana akatikisa kichwa, akafungua kanga ya mgongoni, akamlaza Kristina ubavuni mwa bibi yake, naye akalala upande wa pili.

Kulipokucha, Kristina alikuwa akicheza na vidole vya bibi, akivikunja na kuvikunjua, na vidole havikukunjika tena vyenyewe.

Walimzika palepale, kando ya zizi, karibu na mumewe. Kijiji kilikuwa na makaburi yake, yamepimwa, na Isaka balozi alipaswa kuuliza kwa nini hazikwi huko. Alishika jembe akachimba.

Upepo ulirudi na mawingu. Siku ya kwanza kengele ilipolia, Kristina, aliyekuwa anaanza kusema, alitambaa mpaka mlangoni na kutazama nje, akasubiri. Hakuja mtu. Akamgeukia mama yake.

"Niishushe?" Melkiori akauliza.

Luciana hakujibu. Melkiori alingoja kidogo, akaelewa kuwa neno litalala, akaenda kutafuta kuni.