Kazi ya Mwalimu Idi

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, nyumbani kwetu Uru, nilipogawa nyama ya mbuzi mbele ya watu na kumkosea heshima mtu aliyekuwa akinishikia kazi yangu isianguke. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Leo nina mvi kichwa kizima na magoti yananilalamikia kila nikishuka ngazi, lakini siku ile naiona wazi kuliko jana. Kaa hapo, mwanangu. Wewe umepewa timu mwezi huu, mimi nilipewa yangu hata hujazaliwa, na nilichokosea sitaki ukirudie.

Nilikuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, timu ya kiwanda kimoja hapa Moshi. Ilikuwa timu ya kulipwa kwa namna ya wakati ule: kiwanda kinakuajiri, mwisho wa mwezi unapokea mshahara, na kazi yako ni kucheza. Wasichana walikuwa kumi na wawili, wengi wao wametoka huku juu milimani, na karibu kila mmoja alikuwa na wadogo zake waliosoma kwa mshahara ule. Meneja wa kiwanda alituambia waziwazi mwanzoni mwa msimu kwamba tusipomaliza ndani ya nne bora, timu inavunjwa. Hakuwa mtu wa mzaha. Mimi sikuogopa. Nilikuwa nimecheza mpira mpaka timu ya mkoa, sauti yangu ilisikika hadi barabarani, na kwa kweli nilijiona nimefika.

Msaidizi wangu aliitwa Mwalimu Idi, mtu wa Kiboriloni, Mwislamu wa familia ya mjini, amenizidi umri kama miaka kumi na mitano. Alikuwa amefundisha michezo shule ya msingi kabla kiwanda hakijamchukua. Mrefu, mpole, maneno yake machache. Ungemwuliza mtu yeyote pale uwanjani Mwalimu Idi anafanya nini, angekujibu kwamba anaokota mipira. Hata mimi ningekujibu hivyo hivyo. Siku za mechi alikaa kushoto kwangu, akaninong'oneza neno moja au mawili, kisha mimi nikasimama na kupaza sauti, na watu wakasema kocha huyu ana jicho.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumetoka kuifunga timu moja kubwa ya Dar es Salaam. Baba yangu, mkulima wa kahawa ambaye hajawahi kushika mpira maishani mwake, alifurahi akatoa mbuzi. Timu nzima ikapanda Uru. Kwa kuwa tulikuwa na wasichana wa Kiislamu, nilimwomba Mwalimu Idi achinje ili wote tule, kama tunavyofanya siku zote. Akachinja, akachuna, akakata vipande safi kabisa. Na wewe unajua huku kwetu mbuzi hagawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mtu akipewa fungu lake anajua amewekwa wapi.

Nikasimama na hotuba. Kidari nikampa baba, mwenye mji. Mguu wa nyuma nikamkabidhi nahodha, nikamsifu. Bega nikampa Fausta, msichana wetu mrefu kuliko wote, aliyekuwa akiwanyang'anya watu mipira chini ya kikapu kama mali ya mama yake. Hata dereva wa basi alipata mbavu na maneno mazuri juu yake. Mwalimu Idi alikuwa bombani akiosha kisu.

Baba akaniuliza, "Na huyu aliyetuchinjia ni nani?"

"Ni msaidizi wangu, baba."

"Anakusaidia nini?"

"Mipira, baba. Na mambo madogo madogo."

"Fungu lake liko wapi?"

Nikacheka, mwanangu. Nikasema yule si wa kwetu huku, atachukua kwenye sufuria na majirani. Bomba lilikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama. Mwalimu Idi alimaliza kuosha kisu, akakifuta, akala vipande viwili vya sufuriani, akamshukuru mama yangu, akashuka na basi. Jioni baba aliniita pembeni. "Umemwita mtu akushikie kisu, halafu ukamfanya mpita njia," aliniambia. "Mimi sikukulea hivyo." Nikajiambia mzee amezeeka, siku hizi anakasirishwa na kila kitu.

Jumatatu Mwalimu Idi alikuja ofisini na filimbi na mfuko wa mipira. Akaviweka mezani taratibu. "Kocha, mpunga unapandwa Kahe," alisema. "Mke wangu ana shamba kule. Naomba nikamsaidie." Nikamwambia hakuna shida, na nilidhani kweli hakuna. Mipira naweza kubeba mwenyewe, ina uzito gani?

Basi tukafungwa mechi tatu mfululizo. Ya kwanza nikamlaumu refa. Ya pili nikawalaumu wasichana mpaka wawili wakalia. Ya tatu Fausta alidondoka katikati ya uwanja ameshika goti, na hakuna mtu aliyemgusa. Nilimkuta kwenye benchi anauma taulo lake la jasho asipige kelele. Nikamwuliza kwa nini hakusema goti linamsumbua.

"Mwalimu alikuwa anajua, Kocha," akasema. "Dakika tano nacheza, tatu napumzika. Alikuwa anakuambia unitoe kabla halijauma."

 Ilikuwa kweli, kila mechi nilikuwa nikipaza sauti, "Fausta, toka, pumzika," na nilidhani ni akili yangu. Sauti ilikuwa yangu, wazo lilikuwa la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimejisifia vyote viwili. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kunifanya nishindwe kuwatazama wasichana usoni. Ilikuwa imebaki mechi moja. Tukishinda tunaingia nne bora, tukifungwa wasichana kumi na wawili wanarudi makwao.

Nikapanda Uru kwa baba. Nikamweleza kwa kifupi yaliyotokea. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, akakata jani moja la isale, akanipa. Huku kwetu ukimpelekea mtu isale umekiri kosa na unaomba msamaha, na si rahisi mtu kukukatalia. Nikashuka nalo mpaka Kahe, jua kali, viatu vyangu vya ofisini vikazama kwenye tope la majaruba.

Mwalimu Idi alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Akalipokea jani kwa mikono miwili yenye matope. "Nimezaliwa Kiboriloni, najua maana yake," alisema. "Nimeshakusamehe, Kocha Apolonia. Nilikusamehe siku ile ile kwenye basi."

"Basi turudi, Mwalimu. Mechi ni Jumapili."

"Kusamehe ni jambo moja, kurudi ni jingine. Nikirudi, utawaambia wasichana kazi yangu ni ipi?"

Nikafungua kinywa. Nikasema, "Wewe... unanisaidia."

"Kusaidia ni tabia njema, Kocha. Nimekuuliza kazi."

 Misimu miwili mtu amekaa kushoto kwangu, na sikuweza kusema anafanya nini. Aliinama akanawa matope, wala hakuwa na hasira. Kisha akaniambia yeye atakuja kesho yake asubuhi saa kumi na mbili uwanjani, nami nije nikae, nisiseme neno. Kukaa kimya mimi, mwanangu, unanijua. Ilikuwa adhabu tosha.

Nikaenda, nikakaa kwenye ngazi za saruji. Wasichana walifika mmoja mmoja, na nikagundua kwamba walikuwa wakija saa hizo kila siku, mimi nikiwa bado nakunywa chai. Kila mmoja alirusha mitupo huru, naye akasimama chini ya kikapu akirudisha mpira. Huko ndiko kuokota mipira kwenyewe. Akirudisha mpira anasema, "Kiwiko ndani," au "Pumua kwanza," na kwa mwingine hasemi kitu, kwa sababu yule akisemeshwa huharibu. Akamfunga Fausta goti kwa bandeji, akamwuliza limelalaje usiku. Wasichana wawili waliokuwa wamenuniana, jambo ambalo sikulijua kabisa, aliwapangia zoezi ambalo hawawezi kulimaliza bila kupasiana. Akatoa daftari, akawaeleza jinsi timu ya Jumapili inavyokaba, nani anapenda kwenda kulia, nani akichoka huanza kucheza faulo. Alikuwa ameshaitazama timu ile mara mbili Arusha, siku zake za mapumziko, bila kuniambia kwamba huko ndiko alikokwenda.

Hakukuwa na jambo dogo hapo. Nilishuka zile ngazi, nikawakusanya wasichana katikati ya uwanja, nikawaambia kazi ya Mwalimu Idi ni ipi, moja baada ya nyingine. Nikawaambia pia nilichosema Uru, kwa sababu wote walikuwa wamenisikia. Ilinichukua muda mrefu. Fausta akasema, "Sisi tulikuwa tunajua, Kocha. Tulikuwa tunakusubiri wewe." Halafu tukafanya mazoezi, na siku hiyo mipira niliokota mimi.

Jumapili uwanja ulijaa. Meneja alikaa nyuma ya benchi letu, mikono kifuani. Tulikwenda sambamba mpaka robo ya nne, na zikiwa zimebaki dakika mbili tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Chini ya kikapu walikuwa wanatuonea. Nikageuka nikasema, "Fausta, ingia."

"Bado, Kocha," akasema Mwalimu Idi. Safari hii hakunong'ona. "Goti lake limebaki na dakika moja tu. Ukiitumia sasa, mwisho hutakuwa nayo."

Benchi zima lilisikia. Meneja alisikia. Nilihisi shingo imepata moto, kwa kuwa hakuna kocha anayependa kukanushwa mbele ya wachezaji wake, sembuse mbele ya mtu mwenye kalamu ya kuivunja timu. Watu huku nyuma walikuwa wanapiga kelele wakimtaka Fausta. Nikamwangalia Mwalimu Idi, nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyelifunga goti lile, si mimi. Nikasema, "Fausta, kaa." Dakika ile iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko msimu wote. Wasichana walikaba kama walivyofundishwa, wapinzani wakakosa mara mbili, sisi tukapata kikapu kimoja. Tukawa nyuma kwa pointi moja. Hapo Mwalimu Idi akaniitikia kwa kichwa, Fausta akaingia.

Ule mpira wa mwisho ulirushwa na nahodha ukagonga chuma, na mkono uliokuwa juu kuliko mikono yote ulikuwa wa Fausta. Akaudaka na kuurudisha ndani. Tukashinda kwa pointi moja.

Meneja alinijia akicheka, ameninyooshea mkono. "Hongera, Kocha. Umeiokoa timu."

Nikamwambia, "Mwenye hongera hii yuko kule." Mwalimu Idi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamwekea Fausta barafu, hana habari na mtu. Meneja hakuwa mtu wa kuinama, tena siku hiyo amevaa suti. Lakini alikwenda, na ikabidi achutame ndipo wapeane mikono. Tulifundisha pamoja, mimi na Mwalimu Idi, misimu mingine sita, na hakuna hata msimu mmoja tulipotoka nje ya nne bora.

Sasa, mwanangu, juzi umekuja hapa umekasirika. Umeniambia msaidizi wako anakubishia mbele ya wachezaji, na unataka uongozi ukuletee mwingine. Ukaniuliza, hivi kocha msaidizi anachangia kiasi gani hasa mpaka avumiliwe? Mimi nakujibu hivi: kiasi chake utakijua akiondoka, na hiyo ni njia mbaya ya kujua. Nyinyi siku hizi mna kompyuta na video, mna msaidizi wa ulinzi na msaidizi wa mashambulizi na wa viungo, lakini jambo ni lile lile. Kocha mkuu anaona uwanja. Msaidizi anaona mtu mmoja mmoja, na mechi huamuliwa na mtu mmoja mwenye goti lake na usingizi wake.

Kwa hiyo amka mapema, ukakae kwenye ngazi umtazame akifanya kazi. Wazo likiwa lake, lisemwe ni lake, wachezaji wakiwepo. Akikupinga, jiulize kwanza ameona nini ambacho wewe hukukiona, hasira iache ingoje. Akikosea, mrekebishe faraghani kama ambavyo ungependa wewe urekebishwe. Na wakija watu wa kukusifu, usiwapokee peke yako.

Mungu akupe watu wa kukuambia kweli, akupe na moyo wa kuwasikiliza kabla hujapata hasara. Akuweke juu bila kukusahaulisha waliokushika mkono. Sasa, kabla hujaondoka, niambie: huyo unayetaka kumfukuza, kazi yake ni ipi?

Hujui bado, kama mimi siku ile Kahe. Basi nenda, mwanangu, nenda na baraka zangu. Mazoezi yake yanaanza saa kumi na mbili.