Kabeji na Tambi za Aliyetulisha Sote

Jumanne asubuhi nilikuwa barabarani kuelekea kazini dada mkubwa wa mwenzetu mmoja wa kanisani aliponipigia simu kutoka Cedar Hill, akasema neno moja tu: "Ameenda." Niliegesha gari mbele ya duka la matairi nikakaa pale, nikiwatazama watu wakijaza upepo kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi wenu mnaosoma safu hii kutoka Arlington, hapa Texas, mlimjua marehemu, hata kama jina lake hamkulishika. Ndiye aliyesonga ugali kwenye matanga yenu, akaja na sufuria zake mwenyewe na kuondoka sahani zote zikiwa zimeoshwa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Saratani ya tumbo ilimkuta angali kazini, naye akaificha mpaka sare ikaanza kumpwaya.

Dada yake alimchukua akamuuguze kwake. Mwezi wa mwisho mgonjwa alikataa kula. Dada alipika kila alichokijua, uji wa wimbi, mukimo wa viazi na mahindi, supu ya kuku wa kienyeji aliyemsaka mji mzima, na kila mara mgonjwa aligeukia ukuta. Mchana mmoja nikiwa nimeketi naye akaninong'oneza, "Nataka haluski." Sikuelewa. "Ni kabeji na tambi," akasema. "Chakula cha Polandi." Dada yake aliliweka bakuli la uji chini kwa kishindo. "Unakataa chakula cha mama yetu, unataka cha wazungu? Mbona unanifanyia hivi?" Akaingia bafuni akafungulia maji, lakini kilio chake tulikisikia.

Nilikumbuka kwamba mgonjwa wetu aliwahi kumtunza bibi mmoja Mpolandi aliyefariki miaka michache iliyopita, na kwamba bibi huyo aliacha binti katika mji wa Sugar Land. Nikampigia, nikamsihi anielekeze mapishi ya mama yake. Binti akasema, "Mama hakuwahi kunifundisha. Nilikuwa nimepanga kumwomba huyo mgonjwa wenu anifundishe." Aliyejua kukipika chakula hicho alikuwa mmoja tu, na hakuweza kusimama.

Basi tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni mwa jikoni, akatuelekeza kwa sauti iliyokuwa ikikatika. "Siagi, usiwe mchoyo. Vitunguu viive mpaka viwe kahawia. Kabeji kata pana pana, isiwe nyembamba kama ya nyumbani. Pilipili manga. Sasa punguza moto, usi-rush. Tambi zinaingia mwisho." Dada ndiye aliyeshika mwiko. Alikoroga muda mrefu, kisha akauliza akiwa ametupa mgongo, "Ulikipendea nini chakula hiki?"

"Wiki yangu ya kwanza kwa yule shosho, yule bibi Mpolandi," mgonjwa akasema, "nilitoka zamu nyingine nikaenda kwake moja kwa moja. Usingizi ukanichukua kwenye kiti. Kuamka, namkuta amesimama jikoni ameegemea walker yake, kile chuma cha kutembelea, anapika. Nikamwambia, shosho, keti, utaanguka, hii ni kazi yangu. Akaniambia, keti wewe. Kula." Akapumzika, pumzi zikimsumbua. "Tangu nije America, ni yeye tu aliyewahi kunipikia nikiwa mzima."

Mwiko ulisimama. Natamani ningewaambia kwamba alikula akashiba. Alikula matonge matatu, akafumba macho, kisha yote yakarudi. Dada yake akampangusa mdomo, akajaza uma tena, akimsihi, "Moja tu, dada yangu, moja tu," mpaka nikamshika mkono. Siku sita baadaye alifariki.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, nasi tunaitaja methali hiyo kwa kucheka. Tunajisifu hapa Texas kwamba sisi wahamiaji ndio tunaojua kutunza wazee, na ni kweli, tunawatunza wa watu. Nilisali na marehemu kanisa moja miaka tisa. Nilikula mikononi mwake kwenye harusi na misiba nisiyoweza kuihesabu, na hata siku moja sikumwambia, njoo kwangu, keti, leo napika mimi. Nilidhani anayependa kupika hana njaa. Bibi wa watu, mgeni kwake kwa lugha na kwa damu, aliiona njaa hiyo kwa wiki moja.

Kwa hiyo sina faraja ya kuwapa leo. Kila mmoja wenu anamjua mtu anayewalisha wengine. Usimpigie kumuuliza yuko aje. Atakuambia yuko sawa, nawe utaamini kwa sababu inakufaa kuamini. Muulize ni lini mara ya mwisho mtu alimpikia. Akinyamaza, usingoje augue ndipo uwashe jiko.