Mabuti Makavu ya Mwalimu wa Vigango

Asubuhi ile niliondoka Chanji bila mpango wowote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri, na hali ya hewa ya namna hiyo hunitoa ndani kama kumbikumbi. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba nitarudi nitakaporudi, nikashuka hadi Majengo kunywa chai. Kikombe kikiwa bado mkononi, dereva mmoja wa bodaboda anayejua tabia yangu ya kuzurura vijijini akaniita kutoka juu ya pikipiki yake. "Kaka, habari za yule mzee wako wa mabuti umezipata?" Nikamwambia sijasikia kitu. "Amefariki. Nimepeleka wageni msibani, huko ndani mbele ya Msanzi. Wameshamzika, lakini watu bado wapo." Nikaiweka chai chini. "Nikupeleke?" akauliza. Nikamwambia hapana, mzee yule ukimwendea kwa pikipiki utakuwa umemkosea adabu. Akacheka. "Basi pole, mshikaji. Utakwenda na matope yako." Hivyo ndivyo siku isiyo na mpango ilivyopata mpango. Nikapanda gari hadi Msanzi, na kutoka pale nikashika njia ya miguu kuelekea kijiji ambacho, kwa miaka yote ya kufahamiana na mwenyewe, sikuwahi kufika. Sisi tulikuwa watu wa kukutana njiani.

Alikuwa katekista, na huku vijijini katekista ni Mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki. Padre hufika kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, mara chache. Mwalimu ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili, anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, anayeitwa mgonjwa akizidiwa. Yeye alikuwa na vigango vilivyotawanyika kama mbegu zilizorushwa na mtu mwenye haraka, na kati ya kimoja na kingine kuna mabonde yanayotuamisha maji tangu mvua za kwanza hadi mahindi yanapokauka. Anayeuona uwanda huu wa Ufipa wakati wa kiangazi, nyasi zimelala na upepo unapiga, hawezi kuamini ni maji kiasi gani umeficha. Ukikanyaga penye majani mabichi, ardhi inakumeza hadi kwenye kifundo cha mguu na kukuachia kwa sauti ya mtu anayebusu.

Nilikutana naye kwenye bonde la namna hiyo. Mimi nilikuwa na raba za turubai zilizokwisha kuwa uji, nimezivua na kuzining'iniza shingoni kama wanavyofanya watu wote. Huku kwetu ndiyo desturi: viatu hubebwa mkononi mabondeni, huvaliwa kwenye mlango wa kanisa au kwenye uzio wa mnada. Viatu ni vya Mungu na vya watu. Matope ni ya mguu. Sasa huyu mzee alikuwa anakuja ndani ya maji yale akiwa amevaa mabuti ya ngozi, yale ya wapanda milima, yenye ulimi ulioshonwa pande zote mbili, aliyoyaokota kwenye mitumba Majengo. Kina mama waliokuwa wakivuka nyuma yetu walimchamba bila aibu. "Mwalimu leo anaringa hata na vyura!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, mbinguni ataingia amevaa hivyohivyo, sisi tutaambiwa tunawe kwanza." Yeye akawajibu kwa Kifipa neno lililowafanya wacheke hadi mmoja akaangusha kandambili yake majini. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na mimi, kwa kuwa siwezi kuona kitu nisikiulize, nikamuuliza hapohapo kwa nini maji hayaingii.

Swali hilo lilitutembeza siku nzima. Niliacha shule mapema, na tangu hapo shule yangu imekuwa watu wanaokubali kuulizwa. Alinieleza kwamba maji hayaingii kwenye kiatu kupitia ngozi, huingia kwenye mshono, na kwamba watu wengi hupaka mafuta pale panapong'aa na kusahau pale palipotobolewa na sindano. Mwanzoni alitumia mafuta ya ng'ombe matupu, aliyoyapata kwa familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Mama wa boma lile alikuwa akimpimia huku akimsimanga. "Mwalimu, viatu vyako vinakula vizuri kuliko watoto wangu." Na kweli vilikula vizuri mno, kwa maana usiku mmoja mbwa alibeba buti la kushoto, na asubuhi waumini wa kigango kizima walikuwa kwenye shamba la ulezi wakilitafuta, ibada ikisubiri. Tangu siku hiyo akawa anayayeyusha mafuta pamoja na nta ya nyuki. Nta inafanya yagande, isibaki harufu ya nyama. Mabuti husafishwa tope lote kwanza, hukaushwa kivulini, hujazwa maganda makavu ya mahindi yanayofyonza unyevu wa ndani, kisha huota jua kidogo ili ngozi ifunguke, ndipo mchanganyiko unasuguliwa kwa kitambaa, mshono baada ya mshono. "Usiifanye haraka," aliniambia. "Ngozi ni kama mtoto wa katekisimu. Ukimjaza vyote siku moja, kesho ametapika."

Nikamuuliza kwa nini asinunue mabuti ya mpira kama wachunga ng'ombe. Akasema mpira kweli hauingizi maji, lakini hautoi pia. Jasho hubaki humo, na jioni ngozi ya mguu imelainika kama maharage yaliyolowekwa. Nilishangaa kidogo kuona mtu anawaza sana juu ya ngozi ya mguu wake, lakini nikadhani ni uzee tu.

Jioni ile tulifika kigangoni, kwa mzee wa kanisa, na hapo nikaona adui mkubwa wa mabuti yake. Alikuwa ukarimu. Mgeni akifika amelowa kwenye nyumba ya Kifipa, baridi ya huku ikiwa ilivyo, haulizwi. Viatu vyake vinachukuliwa na kuwekwa juu ya kichanja cha jikoni, pale mahindi ya mbegu yanapokaushwa kwa moshi, ili asubuhi avivae vya moto. Ni heshima kubwa, na ni kifo cha ngozi. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto hupasuka, na iliyopasuka haizibiki tena kwa nta wala kwa sala. Binti wa nyumba alikuja mbio. "Mwalimu, lete viatu." Mwalimu akavikumbatia. "Acha tu mwanangu, hivi vina baraka ya padre, havikai jikoni." Binti akaduwaa, mama yake akaitikia kwa unyenyekevu, na mabuti yakalala chini ya kitanda. Baadaye nilimuuliza kama kweli padre aliyabariki. Akasema padre alipita karibu nayo.

Basi tukaketi kando ya mafiga kungoja ugali. Yeye alinyoosha miguu yenye soksi kuelekea motoni, akawa anasimulia habari za ndoa fulani iliyokwama kwa sababu ya shangazi. Tulikuwa tunacheka. Nikasikia harufu ya sufu inayoungua, nikaangalia huku na huku, kisha nikaona moshi mwembamba unatoka kwenye kidole chake gumba. "Mwalimu! Soksi yako inaungua!" Alishusha macho, akautazama mguu wake kama mtu anayetazama mguu wa jirani, akauondoa polepole. Hakuwa amesikia kitu. Mwenyeji alikuwa ametoka kuleta kuni, hivyo tulibaki wawili, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana kisukari, na kwamba miguu yake imekufa ganzi kuanzia kwenye vifundo. Daktari alimwonya: lengelenge moja tu asilolijua, likioza, mguu utakwenda. Na hilo hakuhitaji kuelezwa, kwa sababu kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo na kumalizia maisha yake mlangoni kwenye kigoda, akihesabiwa miongoni mwa vitu vya nyumbani. Mbali na mguu, aliogopa kitu kingine. Parokiani wakijua, wangempumzisha kwa huruma na kuvigawa vigango vyake kwa kijana mwenye pikipiki. Ndiyo maana aliona heri aitwe mwenye maringo mabondeni kuliko aitwe mgonjwa. Kisha akasema jambo ambalo naona lilimgharimu kuliko yote. Mgongo ulikuwa umekaza, nyayo zake hakuweza tena kuziona mwenyewe. "Mwanangu, nisaidie kuangalia chini ya mguu huu. Na mtu asijue." Nikapiga magoti, nikaangalia. Nyayo zilikuwa kavu, nzima, nyeupe kidogo kwenye kisigino. Nikamwambia ni nzima. Akashusha pumzi, akaanza tena habari za shangazi palepale alipoishia.

Nimetembea na siri ile kwa miaka, na nakiri ilinipa fahari. Kila tulipokutana njiani tulijitenga kidogo, avue, nitazame. Wakati huo nchi nayo ilikuwa inabadilika. Lami ilisogea, bodaboda zikafika mpaka pale ambapo zamani hata punda walisita, na mitumba ikaanza kuleta viatu vinavyong'aa kama ngozi na kumenyuka kama ganda la kitunguu kabla masika hayajaisha. Silalamiki. Mama mjamzito anayefikishwa hospitali kwa pikipiki hana habari na uzuri wa kutembea. Lakini Mwalimu alikuwa akisema kwamba anayepita kwa pikipiki hupokea salamu za mkono uliopungwa, na anayepita kwa miguu huambiwa ni nani hajalala usiku. Kazi yake ilikuwa hiyo ya pili.

Siku hiyo ya msiba nilifika kwake jua likiwa bado juu kidogo, nimelowa mpaka magotini. Kijiji kiko kwenye mgongo wa kilima, mashamba yenye matuta ya duara yakishuka pande zote. Chini ya turubai la msiba watu walikuwa wanacheka, na si kicheko cha kuficha kilio. Nilimwendea mjane, mama mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni, nikampa shikamoo na pole. Akaniuliza nimemfahamuje marehemu. Nikajikanyaga, nikasema tulikuwa tukisafiri pamoja, na kwamba alikuwa na… kulikuwa na jambo alikuwa akiniamini nalo. Turubai zima likalipuka kwa kicheko. "Na huyu naye!" akapiga kelele mzee mmoja akijipiga paja. "Mwingine huyo! Mwambieni akae na wenzake!"

Ndipo nikaelezwa. Usiku wa kwanza wa matanga, mwalimu wa kwaya wa kigango kimoja alizidiwa na uchungu, akasema hadharani kwamba marehemu alikuwa na siri ambayo yeye peke yake aliijua. Mama wa boma la wafugaji, yule wa mafuta, akamwambia na yeye ana yake peke yake. Akafuata mzee wa kanisa, yuleyule aliyetulaza siku ya soksi, kisha fundi baiskeli wa kijiji cha pili, kisha muuza dagaa. Kila kigango kilikuwa na mtu aliyepiga magoti na kuangalia nyayo, na kila mmoja alikuwa ameambiwa, "Mtu asijue." Hata paroko, waliniambia, alijua zamani na kunyamaza. "Alitufanya sote wajinga," alisema mama wa boma, akifuta machozi ya kicheko. "Na mimi nilivyokuwa namringia mume wangu!" Mjane aliwasubiri watulie. "Alikufa kitandani pangu," akasema, "moyo tu ulichoka. Siku ya kumwosha niliangalia mwenyewe kwa mara ya mwisho. Miguu yote miwili, na hakuna hata mkwaruzo. Nimeirudishia ardhi mtu mzima." Hapo hakuna aliyecheka. Tuliitikia wote pamoja, kama tulivyo, amina.

Niliulizia mahali pa kulala. Mjane akasema chumba cha wageni kina wakwe, lakini chumba cha uani kina kitanda na blanketi zito, nami nitakuwa wa kwanza kukilalia kwa kuwa kimemalizwa kuezekwa mwaka huu. Akanipeleka mwenyewe. Nilipoketi kwenye ukingo wa kitanda akasimama mlangoni, mwanga wa jioni nyuma yake, akaniuliza, "Na wewe msafiri, zako anaziangalia nani?" Nikacheka, nikamwambia mimi sina kisukari, Mama. "Sijakuuliza ugonjwa. Vua." Ingawa nina umri wa kuitwa baba, nikavua. Akainama, akashika kisigino changu kwa mkono mkavu wenye nguvu. "Una lengelenge hapa, limeshapasuka. Hukulisikia?" Sikuwa nimelisikia. Akaenda kuleta maji ya chumvi.

Tunasifu sana watu wanaojitegemea, nami nimejisifu hivyo katika safu hii ya gazeti mara nyingi kuliko inavyofaa. Kinachouma hakihitaji mlinzi, kitajisemea chenyewe kwa kelele. Ni kile kisichouma kinachotuangusha, iwe mguuni, iwe katika ndoa, iwe kwenye daraja la kijiji ambalo kila mtu analivuka bila kutazama nguzo zake. Nta na mafuta vilimfikisha Mwalimu mlangoni akiwa mkavu. Kilichombakizia miguu ni kwamba kila alikofika aliweza kumwambia mtu, niangalie pale nisipoona.