Siku Mama Alipopiga Hodi Baa

Mara yangu ya kwanza kuingia baa nilikuwa mwanafunzi Uingereza, na nilitoka na njaa. Baa yenyewe ilikuwa ya enzi za Malkia Vikitoria: vioo vimechorwa maua, kaunta ya mbao nyeusi, mabomba ya shaba yanang'aa kuliko pete yangu ya uchumba. Mwalimu wetu alitupeleka tukaonje chakula cha asili cha kwao. Mie nikakaa na bilauri yangu ya maji ya machungwa, mtandio nimeushusha mpaka kwenye nyusi, namwomba Mungu asipite mtu wa kwetu Oman. Mwalimu akaniuliza, utakula? Nikajibu kama nilivyolelewa: hapana, ahsante, nimeshiba. Uongo mtupu! Tangu asubuhi tumboni nilikuwa na chai na biskuti mbili. Nikasubiri aniulize tena. Kwetu mtu akikubali mara ya kwanza huonekana hana adabu. Unakataa, unasihiwa, unakataa tena, unaapiwa, ndipo unanyoosha mkono. Mzungu wa watu akasema sawa, akaigeukia pai yake ya nyama, na mpaka tunaondoka hakuniuliza tena.

Nilirudi chumbani nikalia kidogo, halafu nikajifunza. Kuanzia siku ile nikiulizwa kama nitakula, nasema ndiyo kabla swali halijaisha. Nilirudi Oman na shahada na somo hilo, na kusema kweli somo nililitangaza kuliko shahada. Kwenye kila karamu nilikuwa nikiwacheka shangazi zangu wanavyovutana mikono juu ya sinia. "Mtu akisema hataki, mheshimuni," nawaambia. "Mambo gani haya ya kulishana kwa viapo?" Wao wananitazama tu, wanaendelea kuapa.

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwao Sur, miezi minne na siku kumi. Alipotoka nikaenda kumchukua, nikamleta kwangu Nizwa. Nilimpa chumba chenye jua la asubuhi, kitanda kipya, televisheni yake mwenyewe. Hakukosa kitu, ila hakula. Namwekea wali na mchuzi, namuuliza, "Mama, utakula?" Anajibu, "Nimeshiba mwanangu, alhamdulillahi." Basi, naondoa sahani. Anakunywa chai, anatafuna ukingo wa mkate, anashukuru. Mwezi wa pili ikawa hazivai nguo zake, nguo ndizo zinamvaa yeye. Daktari akapima damu, hakuona ugonjwa. Akasema nimrudishe baada ya wiki mbili, na kama uzito utakuwa umeshuka tena, atamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Mama yangu, na mpira puani!

Ndipo mwenzangu wa ofisini akanionyesha kwenye simu nyumba moja ya kale kule Ibra, katika mtaa wa zamani wa matajiri wa karafuu. Mwenye nyumba alikwenda London matembezi, akapendezwa na baa zao, akarudi akajenga ya kwake ndani ya sebule ya babu yake. Baa ya Kivikitoria isiyo na tone la pombe! Mabomba ya shaba yanatoa ukwaju na komamanga, na jikoni wanapika vyakula vya Unguja. Kibao cha mlangoni kinawaeleza watalii kwamba nyumba ilijengwa enzi za Malkia Vikitoria. Nikacheka peke yangu. Udongo wa Ibra, pesa ya karafuu ya Unguja, huyo malkia hakupita hata njiani, lakini bila yeye nyumba haina umri. Halafu nikaona wameandika boko boko, ile ngano iliyopondwa na nyama mpaka ikavutika, chakula ambacho mama, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akikitaja hata usingizini. Nikasema, hiki atakula. Zilibaki siku tatu kufika kwa daktari.

Tatizo, mama hali hotelini. Hajawahi, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Basi nikamwambia tunakwenda Ibra, nyumba ya watu wa Unguja. Sikusema uongo, sikusema kweli. Akavaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akanisimamisha sokoni Nizwa tununue kopo la halua, kwa sababu kwa watu hakuendwi mikono mitupu. Njiani kote aliniuliza maswali. Bibi wa nyumba ile yu hai? Ana watoto wangapi? Wametoka Unguja mwaka uleule tuliotoka sisi? Nikawa najibu, "Tutaona, mama," huku nimekaza macho barabarani mpaka tukaupita mji wa Sinaw.

Tulipofika, alisimama mlangoni akapiga hodi. Sauti ile sikuisikia tangu baba afariki. "Hodi! Hodi wenyewe!" Watalii wakageuka na bilauri zao. Akavua viatu, akavipanga vizuri kizingitini, akaingia kwa mguu wa kulia. Mhudumu akaja, baba mzima kutoka Kerala, India, aproni ya ngozi mpaka magotini, akauliza kwa Kiarabu kama tuko wawili. Mama akamsalimu, akamuuliza hali, akamuuliza hali ya mkewe, ya watoto, ya wazee wake, kisha akamkabidhi halua kwa mikono miwili. Yule bwana akaonyesha kibao cha Kiingereza ukutani: chakula cha nje hakiruhusiwi. Akairudisha halua kwa mikono miwili vilevile.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anashukuru, mama."

"Mbona kairudisha?"

Mungu alinisaidia vibaya, maana hapo hapo mama akaiona kaunta. Akayatazama mabomba, akatazama vioo, akamtazama mzungu mmoja anavyoinua bilauri yenye povu.

"Astaghfirullahi! Umenileta kilabuni?"

"Ni ukwaju, mama."

"Ukwaju umeanza lini kuwa na bomba?"

Nikamkalisha. Mhudumu akaja na kidaftari chake akamuuliza atakula nini. Mama akaweka mkono kifuani, akatabasamu. "La, shukran, nshakula." Yule bwana akafunga daftari. Nikaagiza mie, boko boko la watu wawili. Likaja juu ya kigae cheusi cha jiwe, donge dogo la kukaa kiganjani, na jani la kotimiri limesimama katikati kama bendera. Samli waliichora matone matone pembeni. Mama akaliangalia, akaniangalia mie, hakugusa. Sikutaka kumbughudhi, nikawa nanywa ukwaju wangu. Baada ya muda mhudumu akapita, akamuuliza kama amemaliza. Mama akasema alhamdulillahi. Yule bwana akakinyanyua kigae.

Hapo nikapandwa na mori. "Wee bwana! Unapeleka wapi hicho? Hujaona kwamba hajala?"

"Bibi amesema hataki," akajibu kwa upole, na Kiarabu chake kizuri kuliko cha wajomba zangu. "Nimemuuliza mara mbili. Sisi hapa tunaheshimu anachosema mtu."

Nikamjia juu. Nikamwambia hajui kazi yake, hajui wazee, mtu wa namna gani anamwondolea bibi kizee chakula mbele ya uso wake kwa sababu ya neno moja la adabu. Nikamgeukia mama kwa Kiswahili, "Na wewe mama, sema basi unataka!" Mama ameinamisha kichwa anaitazama halua yake mapajani.

Kelele zangu zikamtoa mpishi jikoni. Mwanamke wa Tanga, mnene, kilemba cha kanga kimelowa jasho, mwiko mkononi. Alisikia Kiswahili, akaja mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, uso ukafunguka. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Mpishi akanitupia jicho mie, akatupia jicho kigae mkononi mwa mhudumu. Hakupepesa. "Ndiye mimi, bibi. Karibu sana. Na kwangu mimi mgeni hatoki hivihivi."

Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la bati, lile la boko boko la wafanyakazi, linafuka moshi, samli imelijaa juu mpaka inatetemeka. Akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mama.

"Kula, bibi."

"Nshakula, mwanangu."

"Umekula kwako. Kwangu bado."

"Tumbo limejaa, Mungu akuzidishie."

"Haiwezekani. Tonge moja."

"Siwezi, mwanangu."

"Wallahi bibi, usipokula na mimi sili, na tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."

Mama akapiga mguno wa mtu aliyeshindwa. "Haya basi, kidogo tu, nisikuudhi." Akasema bismillahi, akaingiza mkono. Tonge moja, la pili, la tatu. Samli ikamteremka mpaka kifundo cha mkono, akailamba. Mpishi akampa habari za Tanga, akamuongezea bila kuuliza. Mie nimekaa pale sipumui, naogopa nikisogea ataacha. Bakuli likaonyesha bati lake.

Mama akafuta vidole. "Umenifurahisha, mwanangu. Mie nlidhani watu wameacha kukaribishana. Huko ninakokaa naulizwa mara moja tu, sahani ishaondoka." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya samaki. "Siwalaumu, wana kazi nyingi. Na nyumba ya mtu, utasema nini? Huwezi kuomba."

Mpishi akanitazama, halafu akatazama mwiko wake. Mhudumu naye bado amesimama na kigae, na hasa yeye sikuweza kumwangalia. Niliona haya, na ndani ya haya mna hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda ila kwangu. Miezi miwili mama alikuwa mgeni nyumbani kwangu, anakaa na njaa yake anasubiri asihiwe, na mie binti yake wa kumzaa najisifu kwamba namheshimu. Mwalimu wangu wa Uingereza alininyima pai siku moja tu, na hakuwa mwanangu.

Tulipoondoka mama alimpa mpishi ile halua. Akaipokea kwa mikono miwili, akaificha chini ya aproni, akapita nayo mbele ya kibao cha chakula cha nje. Mlangoni tulikuta viatu vya mama pale pale alipovipanga, na pembeni yake jozi tatu za mabuti ya watalii, zimewekwa kwa mstari mmoja. Walidhani ndiyo sharti la nyumba. Mama akasema, angalau hawa wazungu wamelelewa.

Siku tatu zilizofuata nyumba yangu ilijaa viapo. Niliapa asubuhi, adhuhuri na magharibi. Kwa daktari mzani haukushuka, ulipanda nusu kilo. Daktari akauliza nimempa dawa gani. Nikamwambia siwezi kuitamka mbele ya mtu wa heshima.

Mchana wa siku ile nikamwekea mama mchuzi wa papa. Akasema ameshiba. Nikamwambia mbele yangu hashibi mtu. Akasema hawezi. Nikaapa. Akala, huku ananiteta kwamba siku hizi nimekuwa na kelele kama shangazi zangu. Alipofika nusu akasita.

"Na wewe je? Huli?"

Njaa inaniuma tangu hospitali, na miaka thelathini swali hilo nimelijibu ndiyo kabla halijaisha. "Nimeshiba, mama," nikasema.

Akanitazama sana. Kisha akausogeza mkono wake wenye mchuzi ukanishika kifundo cha mkono, na nguvu anazo.

"Wallahi," akasema, "hunyanyuki hapa."