Silinda kwa Mashine, Vali kwa Mkono

Mwone anavyoingia karakanani Olasiti, Arusha, mama wa Nkoaranga, kule juu mlimani Meru, kitenge juu ya ovaroli, akisukuma mkokoteni wenye bloku ya injini ya Landrova kuukuu. Kila akisimama hupitisha kidole ndani ya silinda, kama anayekagua chungu kilichooshwa. Tangu biashara iwe huria, injini za Kijapani zimejaa mjini, na kila mtu humwambia aitupe yake. Yeye huguna tu. Ndiyo inayoshusha ndizi zake sokoni, ikifa, zitamwozea.

Nyumbani alishaingiza ringi mpya ya pistoni silindani, akapima mwanya kati ya ncha zake kwa kupachika nyembe: juu ziliingia tatu, chini moja. Silinda imelika upande wa juu, na hilo msasa wa mkono hauliponyi.

“Shikamoo mama. Lete na vali, tuzisage kwa mashine zizibe vizuri,” anasema fundi.

“Marahaba. Wewe chonga silinda, baba. Vali nasaga mwenyewe.”

“Zikivuja je?”

“Nitajua ni mkono wangu, nitasaga tena. Za kwako zikivuja nimuulize nani, mashine?”

Fundi anacheka. Mama hacheki, anavuta tairi bovu, anakalia, macho kwenye bloku yake. Hebu niambie, wewe ungepanda mlima ule kwa vali za nani?