Kata Moja ya Maji ya Kisima

Katika miaka ile ya themanini nilikuwa mke kijana mjini Malindi, na jirani zangu walinijua kwa jambo moja: niliwakaripia kwa kunywa maji yasiyochemshwa. Yangu niliyaacha yatokote, nikayapoza ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha nikayatia katika mtungi niliokwisha kuufukiza ubani.

Adhuhuri moja mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliwasili kutoka Mambrui akiwa na kiu. Mtungi ulikuwa mtupu, na maji ya sufuriani yalikuwa yangali na moto. Niliona haya kumpa mkwe maji ya moto. Nikayamimina mtungini, nikaongeza kata moja ya maji ya kisima ili yapoe. Alikunywa bilauri mbili.

"Maji yako yanukia, mwanangu," akasema.

Ubani uliificha hila yangu.

Kesho yake asubuhi bwana afya alikifunga kisima chetu. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa amelazwa hospitali kwa kipindupindu. Nilirudi ndani, nikamkuta mavyaa anafunga kanga zake awahi basi la Mambrui. Nilielewa vyema hali yangu. Nikinyamaza, jina langu litabaki safi, naye huenda akashikwa na ugonjwa njiani, pasiwepo wa kumwokoa.

"Mama, usiende."

"Kwani umeniroga?"

"Maji ya jana sikuyachemsha yote. Nilitia kata ya maji ya kisima."

Akaziweka kanga chini.

"Wewe, unayewasimanga watu mtaa mzima?"

"Mimi, mama."

"Basi nitandikie karibu na choo. Miguu hii haiwezi mbio."

Hakucheka, wala mimi sikuthubutu. Nilipomweleza, bwana afya aliniagiza nimwangalie siku tano, akanifundisha kuchanganya sukari na chumvi katika maji yaliyochemshwa, nikayaweka tayari. Kila mavyaa alipoinuka kwenda chooni, nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Akichelewa, nilimwita. Akiitika kwa ukali, nilishukuru.

Siku ya sita alifunga tena kanga zake, mzima. Nikamletea maji ya safari. Aliishika bilauri asinywe.

"Yamechemka?"

"Yamechemka, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akanywa taratibu, macho yake yakiwa usoni pangu, nami nikabaki nikilitazama koo lake hadi tone la mwisho.