Vazi la Pili la Lyle Hoekstra

Lyle Hoekstra ni fundi wa lifti mjini Burbank, California. Nyumbani kwake chumba kizima ni cha sanamu za Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya mavazi ya kutisha: maboga yenye meno, popo wenye vitambi, vizimwi vya plastiki laini visivyozidi urefu wa kiganja. Kila sanamu anataka awe nazo mbili, moja ya kufungua na kuisimamisha rafuni, nyingine ya kubaki ndani ya boksi lake bila kuguswa. Kwa wakusanyaji hiyo ni kawaida. Tatizo ni kwamba sanamu anazozipenda kuliko zote, za Marlys Tevis, haziuzwi mbili kwa mtu mmoja.

Marlys huzitengeneza mwenyewe kwenye karakana ya nyumba yake, huzipaka rangi kwa mkono, na kila Oktoba huleta chache kwenye duka moja dogo la mjini. Masharti ni mawili: uje umevaa vazi la Halloween, na uchukue moja tu. Sharti la pili lilitoka kwa Lyle. Zamani walanguzi walikuwa wakizibeba kwa makatoni, na ni yeye aliyesimama mbele ya watu akasema imetosha. Mwaka mmoja alimtoa kwenye foleni bwana aliyemleta mama mkwe wake awe mnunuzi wa pili. "Mzee," alimwambia, "mama wa watu hata hajui anachonunua. Mrudishe nyumbani akapumzike." Watu wakacheka. Yule bwana hakuonekana tena.

Oktoba iliyopita Marlys alitangaza kwamba kizimwi chake chenye kichwa cha boga, ambacho kila mwaka hukitoa kwa rangi mpya, kinatoka kwa mara ya mwisho. Safari hii ni cheupe kama maziwa na kinang'aa gizani.

Lyle alifika mapema akiwa amevaa vazi la mifupa, kama miaka yote. Akanunua chake, akapongezwa, akaenda kwenye gari lake nyuma ya duka. Huko akavua mifupa, akavaa shati la viraka na gunia la kichwani lenye matundu ya macho: sanamu ya kutishia ndege. Vazi hilo alilishona mwenyewe, jioni baada ya jioni. Hilo ndilo linalomuuma zaidi, aliniambia. Hawezi kusema alipitiwa.

Akarudi, akasimama mwisho wa foleni.

Punde mtu akasimama nyuma yake. Alikuwa Rosalba Quintero, anayefua mashuka ya hospitali, rafiki yake wa foleni tangu kizimwi cha kwanza kutoka. Rosalba anavyo vya kila rangi. Alikuwa amebakiza hiki tu. Alikuwa ametoka zamu, uso ameuchora fuvu lenye maua, anahema.

"We mlinda mahindi," alisema, "vimebaki vingi?"

Lyle akapandisha mabega. Sauti yake angeitambua.

"Kumbe bubu! Haya, kunguru hawataki maneno mengi." Rosalba akacheka peke yake. "Rafiki yangu atakuwa keshapata. Mrefu, mifupa mitupu, hujamwona? Ningemwomba anichukulie na changu, lakini yule! Hata awe mama yake mzazi, asingemnunulia."

Gunia likatikisika kidogo. Rosalba alidhani anacheka.

Lyle alipolipa, Marlys alianza kukunja kitambaa cha meza. "Samahani, dada," alimwambia Rosalba. "Huyu kachukua cha mwisho."

Rosalba alilitazama boksi mkononi mwa Lyle kwa muda.

"Umenizidi kwa nafasi moja," alisema. "Basi kitunze, ndugu yangu. Usikiweke dirishani, jua litakigeuza njano."

Hapo Lyle angeweza kusema. Akaelekea kwenye kona ya duka.

Lakini mauzo yakiisha, wanunuzi hupanga mstari ukutani, huvua barakoa, huinua maboksi yao na kupigwa picha. Rosalba, aliyekosa, ndiye aliyekuwa akiwapanga waliopata.

"Mlinda mahindi! Unakwenda wapi?" Akamshika mkono, akamvuta. "Njoo tuuone uso wa mwizi wangu."

Mkono wa pili wa Rosalba ulikuwa tayari kwenye gunia. Lyle akaona afadhali alivue mwenyewe.

"Lyle?" Rosalba alisema. Akamtazama kuanzia viraka hadi viatu. "Mifupa iko wapi?"

"Kwenye gari."

"Na cha kwanza?"

"Kwenye gari."

"Si ungemleta mama mkwe tu," mtu mmoja akapiga kelele, na kicheko kikazunguka ukuta mzima. Rosalba hakucheka.

Lyle akamnyooshea boksi. "Chukua, Rosa. Ni chako."

"Usinipe. Hicho si chako, utanipaje?"

Ikabidi akirudishe mezani mbele ya wote. Marlys akamrudishia pesa zake, kisha akamwuzia Rosalba. Lyle alipogeuka aondoke, Marlys alimwambia bila kumtazama, "Kimoja umekinunua kihalali. Simama na wenzako."

Katika picha hiyo yuko pembeni kabisa, shati la viraka, mikono mitupu, macho kwenye viatu vya jirani.

"Nilitaka tu viwe viwili," aliniambia.

Majira ya kuchipua yaliyofuata Marlys alileta popo wake pale dukani, mauzo yasiyo na sharti la vazi la Halloween. Lyle alijikuta nyuma ya Rosalba. Walisalimiana vizuri; Rosalba hata alimwuliza habari za lifti. Foleni ilikuwa ndefu, na baada ya muda Rosalba alitaka kwenda kununua kahawa. Akageuka, akanyoosha mkono kupita bega la Lyle, akamgusa mwanamke asiyemjua.

"Dada, samahani," alisema. "Nishikie nafasi yangu."